Honor Fell: Dada Aliyeutazama Mfupa Ukijijenga

Ile sehemu nyeupe, laini, inayoteleza kwenye ncha ya mfupa wa paja la kuku inaitwa gegedu. Wengi tunaitafuna tu na kuendelea na ugali. Lakini yupo mwanasayansi aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuichunguza, na wanachuo wenzangu, hasa sisi tunaojiandaa kufundisha baiolojia, inafaa tumjue.

Honor Bridget Fell alizaliwa mwaka 1900 huko Yorkshire, Uingereza, kitinda mimba katika familia ya watoto tisa. Alipenda wanyama tangu utotoni. Inasimuliwa kwamba alikwenda na mnyama wake wa jamii ya kicheche mpaka kwenye harusi ya dada yake! Alisoma zoolojia Chuo Kikuu cha Edinburgh, akapata shahada ya kwanza 1922 na ya uzamivu 1924. Wakati huo tayari alikuwa Cambridge, msaidizi wa daktari Thomas Strangeways, aliyekuwa akijaribu kukuza tishu hai nje ya mwili.

Desemba 1926 Strangeways akafariki ghafla. Maabara ikabaki yatima, fedha hakuna, na hata kuifunga kulifikiriwa. Fell alikuwa na miaka 26 tu, umri wa baadhi yetu humu chuoni. Yeye na wenzake wakaipigania mpaka msaada ukapatikana, na kabla hajafikisha miaka 30 akawa mkurugenzi. Kumbuka, Cambridge ya wakati ule ilikuwa haijaanza kuwapa wanawake shahada kamili. Ilianza mwaka 1948. Kiti hicho alikikalia hadi 1970.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Katika kiinitete, mguu huanza kama chipukizi dogo lisilo na mfupa. Seli za ndani hukusanyika na kuwa gegedu, na gegedu hilo huchora umbo la mfupa ujao. Baadaye seli za katikati huvimba, maada inayozizunguka hupokea madini, mishipa ya damu huingia, na mfupa huchukua nafasi. Swali lilikuwa hili: nani anaelekeza umbo? Mwili mzima, au seli zenyewe?

Strangeways na Fell walikata chipukizi la mguu wa kifaranga ambaye bado yumo kwenye yai, wakaliweka kwenye kichombo cha kioo chenye plazma ya damu ya kuku na maji ya viinitete. Hakuna mwili, hakuna mishipa ya damu. Na bado gegedu likatokea! Vipande vya mifupa vilivyokuzwa hivyo viliendelea kuchukua umbo linalotambulika. Kumbe seli zina ramani yake ndani.

Lakini ramani haikutosha. Mwaka 1934, Fell na Ronald Canti walikuza eneo la goti kwa njia hiyo. Ncha za mifupa zilianza kujichonga, ila kiungo hakikukamilika. Gegedu la upande huu liliungana na la upande wa pili. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba kifaranga asiyeweza kujitikisa ndani ya yai naye viungo vyake hugandana. Kwa hiyo kile kitikisiko kidogo siyo mchezo, ni sehemu ya ujenzi.

Mwaka 1952 yeye na Edward Mellanby walionyesha kwamba vitamini A ikizidi, gegedu huyeyuka. Mwaka huohuo alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, na 1963 akapewa heshima ya Dame. Alistaafu ukurugenzi lakini siyo maabara. Alifanya kazi karibu mpaka kifo chake, Aprili 1986.

Sisi walimu watarajiwa tuna la kuchukua hapa. Mwanafunzi naye huja darasani na ramani yake, lakini ukimkalisha kimya mwaka mzima bila kumwacha ajitikise, atagandana vilevile.