Stephen Kleene na nyota yake inayotafuta maneno

Katika ujumbe wa simu, mmoja huandika "halo", mwingine "haloo", mwingine "halooo". Kompyuta inaweza kuzipata salamu zote tatu kwa kuandikiwa alama chache tu: haloo*. Nyota hiyo ina maana kwamba herufi iliyo kabla yake inaweza kurudiwa mara yoyote, au isiwepo kabisa. Leo tunamkumbuka aliyeibuni, Mmarekani Stephen Kleene.

Kleene alizaliwa tarehe 5 Januari 1909 mjini Hartford, lakini alipenda zaidi shamba la familia yake huko Union, jimboni Maine. Alipata shahada ya udaktari wa hisabati Princeton mwaka 1934, kisha akafundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alilitumikia jeshi la majini.

Mwaka 1951 aliletewa swali lililohusu mishipa ya fahamu, si maandishi: mtandao wa mishipa unaweza kutambua mfuatano gani wa matukio? Alijibu kwa kanuni tatu: kuchagua kimoja kati ya viwili, kufuatanisha, na kurudia. Kurudia ndiko alikokupa nyota. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1956.

Mwaka 1968 Ken Thompson alionyesha jinsi kompyuta inavyoweza kutumia kanuni hizo kutafuta maneno. Baadaye akaunda programu ya grep, inayotumika hadi leo.

Lakini grep kwa kawaida husoma mstari mmoja mmoja. Kama "Dar es" imeishia mstari wa juu na "Salaam" imeanzia wa chini, ukitafuta jina zima hutalipata, ingawa lipo. Kosa hilo halitoki kwa Kleene. Katika hisabati yake, mwisho wa mstari ni alama tu kama herufi nyingine. Ndiyo maana waandishi wa programu huiunganisha kwanza mistari hiyo, kwa mfano kwa amri ya N katika programu ya sed, ndipo watafute.

Kleene alifariki mjini Madison tarehe 25 Januari 1994, akiwa na miaka 85. Tunachojifunza kwake ni hiki: kompyuta ikisema neno halipo, tuulize kwanza imesoma kwa namna gani.