George Washington Sears

George Washington Sears (2 Desemba 1821 – 1 Mei 1890) alikuwa mwandishi na msafiri kutoka nchi ya Marekani. Anajulikana zaidi kwa jina lake la uandishi, Nessmuk. Kwa kazi alikuwa fundi viatu, na hakuwahi kuwa tajiri. Anakumbukwa kwa safari alizofanya peke yake kwa mtumbwi mwepesi, na kwa kuwaonyesha watu wa kipato kidogo kwamba nao wanaweza kusafiri na kupiga kambi.

Maisha ya awali

Sears alizaliwa South Oxford (leo Webster), katika jimbo la Massachusetts, akiwa mtoto wa kwanza kati ya kumi. Bado mdogo alipelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha pamba. Alipopata nafasi alikwenda msituni na Mmarekani asilia aliyeitwa Nessmuk, aliyemfundisha kuvua, kuwinda na kulala nje. Baadaye alilichukua jina la mwalimu wake huyo.

Mwaka 1841 alijiunga na meli ya kuwinda nyangumi iliyokwenda bahari ya Pasifiki. Mwaka 1848 familia yake ilihamia Wellsboro, Pennsylvania, mji uliokuwa makao yake hadi kufa. Huko alioa na kupata watoto watatu, lakini mara nyingi aliwaacha nyumbani akasafiri. Alifika mara mbili hadi Amazonas nchini Brazil.

Safari za mtumbwi

Milima ya Adirondack, kaskazini mwa jimbo la New York, ina maziwa na mito mingi iliyo karibu karibu. Katika karne ya 19 wageni wenye fedha waliajiri viongozi wenyeji waliowapigia makasia na kubeba mashua nzito mabegani kutoka ziwa moja hadi jingine. Sears hakuweza kulipa ujira huo. Alikuwa anakaribia miaka 60, urefu wake ulikuwa sentimita 160 hivi, uzito wake haukufika kilo 51, tena alikuwa mgonjwa wa mapafu. Alihitaji chombo ambacho angekibeba mwenyewe.

Kwa hiyo aliagiza mtumbwi kwa fundi J. Henry Rushton wa Canton, New York. Ule wa mwaka 1880 ulikuwa na kilo 8 hivi. Wa mwaka 1883, uliojengwa kwa mbao za mwerezi, ulikuwa na urefu wa mita 2.7 na uzito usiofika kilo 5. Aliuita Sairy Gamp, jina la mlevi katika riwaya ya Charles Dickens: kama mwanamke yule, mtumbwi nao haukuingiza maji. Sears aliketi chini kabisa na kutumia kafi lenye bapa pande zote mbili, kama la kayaki.

Kiangazi cha mwaka huo, akiwa na miaka 61, alisafiri kilomita 428 hivi. Mzigo wake wote, yaani mtumbwi, nguo, blanketi, shoka dogo, ufito wa kuvulia na chakula cha siku mbili, haukuzidi kilo 12. Mwaka 1885 alisafiri Florida kwa mtumbwi mwepesi zaidi.

Maandishi

Habari za safari hizo zilichapishwa katika gazeti la Forest and Stream. Humo alilalamikia pia mabwawa yaliyozamisha misitu. Mwaka 1884 alitoa kitabu Woodcraft, kwa ajili ya wafanyakazi wenye likizo fupi na fedha chache. Kinaeleza, kwa mfano, namna ya kutia kitambaa cha pamba chokaa na shabu ili hema lisivuje, na kutengeneza dawa ya kufukuza mbu kwa lami ya msonobari na mafuta ya nyonyo. Mashairi yake yalitoka mwaka 1887 katika Forest Runes.

Urithi

Sears alifariki Wellsboro akiwa na umri wa miaka 68. Karibu na mji huo liko Ziwa Nessmuk. Sairy Gamp umehifadhiwa na taasisi ya Smithsonian, na Woodcraft bado kinachapishwa. Wanaosafiri leo kwa kayaki na mzigo mdogo wanafuata njia aliyoanza kuifuata kwa sababu ya umaskini na udhaifu wa mwili.