Lagrange na Nukta Tatu za Mwamapalala

Mwaka jana nilikuwa Mwamapalala, Simiyu, kwenye mazoezi ya kufundisha. Darasa ni kidato cha tatu, mada ni kutafuta mlinganyo wa kipeo cha pili kutokana na nukta tatu za grafu. Nikaandika milinganyo mitatu ya a, b na c, nikakosea alama moja ya kutoa, ubao ukajaa, kengele ikalia bila jibu. Usiku ule nilijiuliza kama ualimu kweli ni wangu.

Kilichonirudisha darasani ni maisha ya Joseph-Louis Lagrange.

Alizaliwa Turin, Italia, tarehe 25 Januari 1736. Baba yake alipoteza mali kwenye biashara za kubahatisha, na Lagrange mwenyewe baadaye aliona kwamba kama angerithi utajiri, huenda asingeshika hisabati. Akiwa na miaka 19 tu alikuwa tayari anafundisha hisabati kwenye shule ya jeshi la mizinga. Mwaka 1766 akaenda Berlin kushika nafasi ya Euler, na mwaka 1787 akahamia Paris.

Sasa jamani, sehemu inayotuhusu sisi wa ualimu ni hii. Mwaka 1795, akiwa na miaka 59 na jina lake limeenea Ulaya nzima, alisimama mbele ya wanafunzi wa École Normale, chuo kipya cha ualimu pale Paris, akafundisha hisabati za msingi. Humo ndimo alimoeleza njia ambayo leo ina jina lake, ingawa Mwingereza Edward Waring alishaichapisha mwaka 1779.

Chukua nukta (1, 2), (2, 3) na (3, 6). Tunatengeneza vipande vitatu. Kila kimoja kinatoa jibu kwenye nukta yake, na sifuri kwenye zile mbili nyingine:

(x − 2)(x − 3)
−3(x − 1)(x − 3)
3(x − 1)(x − 2)

Weka x = 1: cha kwanza kinatoa 2, vingine vinanyamaza. Jaribu 2, kisha 3. Jumlisha vyote, unapata y = x² − 2x + 3. Kumbe!

Kipindi kilichofuata nilirudi na njia hiyo. Binti mmoja wa dawati la nyuma akaja ubaoni, akamaliza swali mwenyewe.

Lagrange alifariki Paris tarehe 10 Aprili 1813. Mzee yule hakuona aibu kurudi kwenye mambo ya mwanzo. Na mimi nimeacha kuona aibu.