Bibi Nana Asma'u, Mwalimu wa Wanawake wa Mashamba

Bibi Nana Asma'u, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa mwaka 1793 katika kijiji cha Degel, nchi ya Wahausa, ambayo leo imo katika Nijeria ya kaskazini. Baba yake ni Sheikh Usman dan Fodio, mwanachuoni aliyesimamisha dola ya Sokoto. Katika nyumba ile mabinti walisomeshwa kama wavulana, naye akasoma Kurani, fikihi na Kiarabu hata akahesabiwa miongoni mwa wanavyuoni. Aliolewa na Gidado dan Laima, waziri wa Sultani Muhammad Bello, nduguye.

Vita vilipotulia, ilidhihiri kuwa wanawake wengi wa vijijini, na mateka miongoni mwao, hawakujua hata nguzo za Sala. Elimu ilikuwa imefungwa katika vitabu vya Kiarabu na katika nyumba za mjini, na mama mwenye watoto na shamba hakuweza kuviacha akaifuate.

Basi Bibi akaifanya elimu iwafuate wao. Alianzisha jamaa ya wanawake iliyoitwa Yan Taru. Kila kundi lilikuwa na kiongozi wake, jaji, ambaye Bibi alimvika kofia ya nyasi iliyofungwa kitambaa chekundu. Zamani kofia ile ilikuwa alama ya mkuu wa wanawake wa ibada ya pepo katika Gobir. Akaigeuza ikawa alama ya elimu. Majaji wakaja Sokoto pamoja na wanawake watu wazima waliokwisha kuzaa na wasichana wadogo, wakajifunza kwake, kisha wakarejea kuwafundisha waliobaki majumbani.

Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, aliwatungia mashairi kwa Kihausa na Kifulani, ili wayahifadhi kwa moyo. Katika shairi moja aliyapanga majina ya sura zote 114 za Kurani. Katika mengine alieleza ibada na maisha ya Mtume, rehema na amani zimshukie.

Alifariki mwaka 1864, lakini kazi yake haikufa naye, maana Yan Taru waliendelea kufundisha. Hakuacha jumba kubwa la chuo. Aliacha wanawake wanaofundisha wenzao. Na umma ambao mama zake wa mashamba hawakufikiwa na elimu haujasoma bado, ijapokuwa mijini mwake mna wanavyuoni wengi. Mwenyezi Mungu ailaze roho yake mahali pema. Amin.