Dhyan Chand: Askari Aliyelijua Gongo Lake

Askari hufundishwa tangu siku ya kwanza kambini kwamba silaha humtii anayeijua. Katika mpira wa magongo mambo ni hayo hayo, na shahidi wetu ni askari mwenzetu, Meja Dhyan Chand wa India.

Dhyan Chand alizaliwa Allahabad tarehe 29 Agosti, 1905, akiwa mtoto wa askari. Mwaka 1922 alijiunga na jeshi akiwa askari wa kawaida, na huko ndiko alikojifunza mchezo huo. Inasimuliwa kwamba, baada ya kazi za mchana, alifanya mazoezi usiku kwa mbalamwezi. Mwaka 1926 alikwenda New Zealand na timu ya jeshi, ambayo ilishinda michezo 18 kati ya 21, na aliporejea alipandishwa cheo.

Katika Olimpiki ya Amsterdam ya mwaka 1928 alifunga mabao 14. Mwaka 1932, huko Los Angeles, India iliifunga Marekani mabao 24 kwa 1, na manane kati ya hayo yalikuwa yake. Mwaka 1936 aliongoza timu kama nahodha mjini Berlin. Kabla ya mashindano, Ujerumani ilikuwa imewafunga 4 kwa 1 katika mchezo wa majaribio. Fainali ilichezwa tarehe 15 Agosti, siku moja baada ya kuahirishwa kwa sababu ya mvua, na inasimuliwa kwamba nahodha huyo alivua viatu vyake vya njumu ili apate wepesi. India ilishinda mabao 8 kwa 1. Ndipo tunapoona kwamba mchezaji hodari huchagua zana zake kwa kuutazama uwanja.

Wapo waliodhani kwamba gongo lake lilikuwa na sumaku, na hadithi husema kwamba lilivunjwa likachunguzwa, lakini kilichokutwa ni mti mtupu. Siri ilikuwa mikononi mwake.

Hata hivyo, mikono hodari huzuiwa na gongo lisilofaa. Gongo lina upande mmoja tu bapa, ulio kushoto, na huo ndio unaoruhusiwa kugusa mpira. Mshambuliaji, kama alivyokuwa Dhyan Chand, hulazimika kuligeuza mara kwa mara ili achenge kulia na kushoto. Kwa hiyo humfaa gongo jepesi lenye ncha fupi. Mlinzi, ambaye kazi yake ni kuzuia na kupiga mbali, hufaidika na gongo zito kidogo, lakini sheria haziruhusu lizidi gramu 737. Kiungo achague la kati.

Kuhusu urefu, lisimamishe kando ya mguu. Shikio likifika kwenye nyonga, litakufaa. Upinde wake usizidi milimita 25. Upinde mkubwa humsaidia anayeuburuta mpira na kuurusha golini, lakini humsumbua anayejifunza kupiga chini. Siku hizi magongo mengi hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni. Yenye kaboni nyingi hupiga kwa nguvu, lakini mpira huyaruka upesi. Anayeanza achukue lenye kaboni kidogo.

Askari atakayeanza mchezo huu Rubona, kando ya Ziwa Kivu, ambako vilima hushuka hadi majini na uwanja tambarare si rahisi kupatikana, asidanganywe na gongo la bei kubwa. Juu ya udongo mpira hurukaruka. Humo hufaa gongo la uzito wa kati, lenye upinde mdogo, linalovumilia mikwaruzo.

Mchezo huu si mgeni kwetu. Dhyan Chand mwenyewe alizuru Afrika Mashariki mwaka 1947 na 1948, akiwa amepita miaka arobaini, na bado alifunga mabao mengi. Kenya ilishika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la mwaka 1971, na Tanzania ilishiriki Olimpiki ya Moscow mwaka 1980.

Dhyan Chand alistaafu jeshini mwaka 1956 akiwa meja, akafariki mjini Delhi tarehe 3 Desemba, 1979. Siku yake ya kuzaliwa ndiyo Siku ya Michezo ya taifa lake. Aliingia jeshini bila cheo wala jina, akapata vyote viwili kwa nidhamu na kwa gongo alilolijua. Askari wenzetu, tuchague zana zetu kwa kazi iliyo mbele yetu, kisha tufanye mazoezi.