Mahatma Gandhi

Mohandas Karamchand Gandhi (Porbandar, 2 Oktoba 1869 – New Delhi, 30 Januari 1948) alikuwa mwanasheria na kiongozi wa harakati za uhuru wa Uhindi.

Mwaka 1888 alikwenda London kusomea sheria. Huko ndugu wawili, wafuasi wa Teosofia, walimwomba asome nao Bhagavad Gita. Aliona aibu, kwa kuwa alizaliwa Mhindu lakini hakuwahi kukisoma kitabu hicho. Alianza kwa tafsiri ya Kiingereza ya Edwin Arnold.

Mwaka 1893 alisafiri kwenda Afrika Kusini kupitia Lamu, Mombasa na Zanzibar. Akiwa Pretoria, rafiki zake Wakristo walijaribu kumvuta katika dini yao. Alimwandikia maswali Raychandbhai, mwanafalsafa Mjaini wa Bombay. Majibu yalimtuliza, akabaki Mhindu. Baadaye aliitafsiri Gita kwa Kigujarati.

Aliuawa kwa risasi na Nathuram Godse, Mhindu mwenzake.