Castellani, tabibu aliyesaka malale katika maji ya uti wa mgongo

BUNGOMA ni mojawapo ya kaunti sita za Kenya zilizosumbuliwa na malale kwa miaka mingi, hadi Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotangaza kuwa maradhi hayo si tishio tena kwa afya ya umma nchini. Aliyeanza kufumbua fumbo la chanzo chake ni Mwitaliano wa umri wa miaka 28, akiwa Entebbe, ng'ambo ya mpaka.

Aldo Castellani alizaliwa Florence mwaka wa 1874, akahitimu udaktari mwaka wa 1899. Mnamo 1902 alitumwa Uganda na chama cha wanasayansi cha Uingereza, Royal Society, pamoja na matabibu wengine wawili. Wakati huo malale yalikuwa yakifyeka watu kwa maelfu kandokando ya Ziwa Victoria.

Mwanzoni alishikilia kuwa bakteria ndio walioleta maradhi. Novemba mwaka huo, akikagua kwa hadubini maji yaliyotolewa katika uti wa mgongo wa mgonjwa, aliona kimelea kikijipinda: tripanosoma. Maji hayo huuzunguka ubongo, hivyo kimelea kikionekana humo, ugonjwa umekwisha kutoka damuni na kupanda kichwani. Mwenyewe hakung'amua mara moja uzito wa jambo hilo. David Bruce, aliyewasili Machi 1903, alimhimiza aendelee, kisha akathibitisha kuwa mbung'o ndiye mwenezaji. Sifa za ugunduzi huo ziligombaniwa baadaye kwa uchungu mwingi, ingawa ni haki kusema kwamba jicho lilikuwa la Castellani.

Kwa miongo mingi madaktari walihesabu chembe nyeupe na kupima protini katika maji hayo kabla ya kuchagua dawa. Melarsoprol, dawa yenye arseniki iliyotumiwa ubongo ukishavamiwa, iliua takriban mgonjwa mmoja kati ya 20 waliotibiwa. Kuikosa ilipohitajika nako kulikuwa kifo. Mwaka wa 1999 watafiti walieleza jinsi walivyopata katika maji ya wagonjwa protini zinazovuja kutoka kwa seli za ubongo zilizojeruhiwa, jambo ambalo hadubini haikuweza kuonyesha.

Castellani aliondoka Entebbe mwaka wa 1903 kwenda Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na huko mwaka wa 1905 akatambua kijidudu cha buba. Maisha yake ya baadaye yana doa: alimtumikia Mussolini, na akasimamia afya ya majeshi yaliyoivamia Ethiopia mwaka wa 1935. Ufalme wa Italia ulipoanguka mwaka wa 1946, alimfuata Malkia Maria José uhamishoni Ureno. Alifariki Lisbon Oktoba 1971, akiwa na umri wa miaka 97.